Mchawi ni Nani: Mwenye Sarafu au Mwenye Chetezo?

  

Ndugu Waislamu, katika msikiti mmoja tunaosali sisi, baada ya Sala ya Alasiri, palitokea jambo lililowagawa waumini makundi mawili, na hadi leo wapo wanaopeana mikono kwa ncha za vidole. Kijana wa miaka kumi na sita alikuwa ameketi barazani pamoja na watoto wa madrasa. Akatoa sarafu ya shilingi mia mbili, akawaonyesha, akaipitisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaifumba ngumi ya kushoto na kuipuliza. Alipoifumbua hamkuwa na kitu. Kisha akaunyoosha mkono wa kulia na kuitoa sarafu ileile nyuma ya sikio la mtoto mmoja. Watoto wakaangua kicheko. Mzee wetu mmoja, aliyekuwa ndani akivuta uradi, alitoka na tasbihi mkononi akapaza sauti kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu imeingiliwa na mchawi.

Kijana hakukana alichokifanya wala hakujibu kwa ukali. Alisema, "Shikamoo babu, huu si uchawi, ngoja nikuonyeshe," akaanza kukifungua kiganja chake polepole. Mzee hakutaka kuangalia. Alisema kuangalia kwenyewe ni dhambi. Siku ya pili kamati ikakaa, kijana akatakiwa atoe shahada upya mbele ya watu, na akaondolewa katika kazi ya kuwasomesha watoto Juzuu Amma, kazi aliyokuwa akiifanya bila malipo na kwa ufasaha unaowashinda wengi waliomzidi umri.

Mwezi huohuo Bi mkubwa mmoja, mjane, anayesali nyuma ya pazia la msikiti huohuo, alikuwa akisumbuliwa na mguu uliovimba. Alipelekwa kwa mtu anayejiita maalim. Maalim akampa karatasi nyeupe aikague pande zote mbili, kisha akaichukua, akaisomea, akaishika juu ya chetezo chenye makaa na ubani. Karatasi ikaanza kujiandika. Zikatokea herufi za rangi ya kahawia, moja baada ya nyingine, mpaka likasomeka jina la dada yake Bi mkubwa, wa baba mmoja mama mmoja. Huyo ndiye mbaya wako, akaambiwa. Bi mkubwa alitoa shilingi laki moja na nusu na jogoo mweusi, na akarudi nyumbani akafunga mlango kwa dada yake. Katika jambo hili hapana aliyepaza sauti barazani, na kamati haikukaa. Na aliyempeleka kwa maalim huyo, tena kwa nia njema kabisa, ni mzee wetu yuleyule mwenye tasbihi.

Sasa tunauliza, na tunaomba tujibiwe kwa hoja: hapa mchawi ni nani?

Sarafu ilikwenda wapi?

Sarafu ya kijana haikwenda popote. Kiganja cha mwanadamu kina minofu miwili, mmoja chini ya kidole gumba na wa pili upande wa kidole cha mwisho. Sarafu ikilazwa katikati, na minofu hiyo ikabana kidogo tu, itakaa hapo hata kiganja kikigeuzwa chini, na vidole vyote vitabaki huru kama vya mtu asiyeshika kitu. Mkono wa kushoto ulifumba hewa. Lakini ufundi wenyewe hasa haumo mkononi. Umo katika macho ya mfanyaji. Yeye huutazama mkono wa kushoto kana kwamba sarafu imo, nasi binadamu tumeumbwa tukimwona mtu anatazama mahali, hutazama hapohapo. Wakati huo mkono wa kulia hauna mlinzi.

Wanaodhani elimu hii ililetwa na Wazungu na simu za mkononi wafungue tafsiri ya Qur'ani ya Imam Fakhruddin ar-Razi, aliyefariki mwaka 606 Hijria, yaani 1210. Akifafanua aya ya 102 ya Surat al-Baqara, Imam anaigawa sihiri katika aina nane, na mojawapo ni hii ya kuyateka macho. Anaeleza kwamba jicho huweza kukosea, na kwamba mtu likishughulishwa na jambo moja, jingine humpita bila kuliona. Basi fundi wa kiinimacho huwaonyesha watazamaji kitendo kimoja kitakachozishika akili zao, kisha kwa wepesi mkubwa hufanya kitendo kingine ambacho hawakukitarajia. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, aliinakili taarifa hiyo katika tafsiri yake, tafsiri ambayo imo katika makabati ya misikiti yetu mingi. Tuseme kweli: ni wangapi kati yetu tumeipangusa vumbi?

Na hujifunzwaje? Kwa kioo na kwa subira. Mwenye kujifunza husimama mbele ya kioo na kuhamisha sarafu kwa kweli mara nyingi, apate kujua mkono wake ukihamisha kweli unakaaje. Kisha huigiza mwendo uleule bila kuhamisha. Akizoea sarafu huendelea na uzi unaokatwa na kuunganika, kikombe na vipira vya karatasi, leso, kiberiti, raba ya kufungia noti. Mmarekani J. B. Bobo alichapisha mwaka 1952 kitabu kizima juu ya sarafu peke yake, na mambo yake ni vidole, kiganja, mkono wa shati na pembe ambayo mtazamaji ameketi. Mwenye kutafuta humo habari za majini atachoka bure. Sisi wenyewe tulijaribu kwa muda wa wiki tatu ili tusiandike tusilolijua. Sarafu yetu bado imo chini ya kabati.

Waliofichua walikuwa ni nani?

Lisilojulikana na wengi katika sisi ni kwamba kuwafichua wazugaji ni kazi waliyoifanya wanazuoni wa Kiislamu karne nyingi zilizopita. Abubakar al-Jassas, mwanazuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 370 Hijria, yaani 981, anataja katika Ahkam al-Qur'an maelezo kwamba fimbo za wachawi wa Firauni zilikuwa zimetobolewa ndani na kutiwa zebaki, na kamba zao zilikuwa za ngozi zilizojazwa zebaki hiyohiyo, na chini yake palitiwa moto. Zebaki ilipopata joto ikazisukuma zikatambaa. Tunajua kuwa al-Jassas alikwenda mbali katika kuikanusha sihiri kuliko walivyokwenda wanazuoni walio wengi, na sisi hatumfuati katika hilo. Lakini angalia alichokifanya: hakuogopa kuuliza, hii kamba imetembeaje?

Katika karne ya 13 akatokea Abdurrahim al-Jawbari wa Dameski, akaandika kitabu chenye milango thelathini cha kufichua siri za matapeli wa zama zake: wadai unabii, mashekhe bandia, watafuta hazina zilizozikwa, waganga, wapiga ramli, hata wauza farasi. Alieleza kila hila inatengenezwaje na kwa dawa gani. Hakuna aliyesema al-Jawbari amefungua mlango wa sihiri kwa kuieleza. Kitabu kilisomwa, na kimefasiriwa kwa Kiingereza hivi karibuni, mwaka 2020.

Na Sheikhul Islam Ibn Taymiyya je? Mwaka 705 Hijria, mjini Dameski, mbele ya gavana, alikabiliana na kundi la mafakiri waliokuwa wakiingia motoni na kutoka salama, na kwa hilo wakawa wamezishika nyoyo za watu. Ibn Taymiyya hakusema ni majini, wala hakukimbia. Alisema yuko tayari kuingia nao motoni, ila kwanza wote waoge kwa siki na maji ya moto, kwa sababu alikuwa anajua wanavyojipaka: mafuta ya chura, maganda ya machungwa na unga wa jiwe la ulanga. Waliposikia habari ya kuoga wakarudi nyuma. Siki na maji ya moto, ndugu Waislamu! Silaha iliyolivunja kundi lile ilipatikana jikoni.

Tunayaeleza haya kwa urefu kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba kujishughulisha na hila hizi ni kuacha njia ya wema waliotangulia.

Hoja za wanaotupinga

Wanaotupinga si wajinga, na mmoja wao ni ustadhi tuliyesoma kwake. Wanasema mambo mawili.

La kwanza: kwamba Qur'ani imewataja wachawi wa Firauni kuwa waliyaroga macho ya watu, basi kila kinachoyachezea macho ni sihiri, kidogo chake na kikubwa chake. Jibu letu ni kwamba kisa hicho ni hoja yetu sisi. Kisomwe chote, katika Surat al-A'raf na katika Surat Taha. Fimbo ya Nabii Musa (a.s.) ilipozimeza kamba zao, nani aliyekuwa wa kwanza kuanguka kusujudu? Hawakuwa mawaziri wa Firauni, wala umati uliokusanyika siku ile ya sikukuu. Ni mafundi wenyewe. Wao walijua kamba zao zimetengenezwaje, kwa hiyo wao ndio waliotambua mara moja kwamba fimbo ile haikutengenezwa. Asiyejua hila inafanywaje hana kipimo cha kuitenga na muujiza. Akioneshwa chochote cha ajabu ataamini, leo kwa huyu na kesho kwa yule.

La pili: kwamba hata kama ni wepesi wa mikono tu, wapo wanazuoni walioukataza kwa kuziba njia ya shari, kwani mwanzo ni mchezo na mwisho ni uganga. Hili tunaliheshimu na tunakubaliana nalo kwa sehemu. Mwenye kufanya kiinimacho akakiita uwezo, au akasingizia majini, au akachanganya na aya za Qur'ani, huyo ametenda uongo na udanganyifu hata kama ni sarafu ya shilingi hamsini. Wala hatutaki vijana wageuze baraza la msikiti jukwaa. Lakini mchezo wa kijana wetu ulikuwa na sehemu mbili, na ya pili ndiyo waliyokataa kuiona: alifungua kiganja. Mafundi wa majukwaani wana desturi ya kuficha siri za kazi yao, na hayo ni yao. Kwetu sisi faida yote imo katika kufungua kiganja. Anayefanya na kueleza hakumwachia mtu dhana mbaya moyoni, na hakumtoa senti.

Na ieleweke kwamba hatuikanushi sihiri. Ipo, imetajwa katika Kitabu, na mwenye kuitenda amepotea. Tunachokikataa ni mazoea ya kuliita sihiri kila tusiloliona limefanywaje, na kisha kumtafuta mtu wa kulibeba.

Bidhaa za mtaani

Twende sasa kwa waganga wenyewe. Yule anayemviringisha mgonjwa yai mwilini na kulipasua katika bakuli, zikatoka sindano, nywele na kucha: hubana vitu hivyo kwenye kiganja kwa minofu ileile miwili, akaviachia yai linapopasuka, au yai lilitobolewa mapema upande wake butu, likaingizwa vitu na kuzibwa kwa nta. Yule anayenyonya ugonjwa kwa pembe akatema mfupa au msumari: mfupa ulikuwa kinywani mwake kabla mgonjwa hajalala kitandani. (Hatuzungumzii hijama ya Sunna, ambayo haitoi misumari.) Yule anayemnawisha mtu maji yakageuka damu: mikono ya mgonjwa imepakwa manjano ya jikoni, na maji yametiwa magadi au chokaa ya tambuu. Jaribuni nyumbani, manjano yakikutana na magadi huwa mekundu. Wacheza karata tatu wa stendi za mabasi wana mikono ya namna hiyohiyo, ila wao angalau hawaanzi kwa Bismillahi.

Lakini ubaya mkubwa kuliko wote ni wa yule anayefukua. Anaitwa kijijini baada ya kifo cha mtoto, anazunguka na umati nyuma yake, anasimama uani kwa bibi kizee, anaamuru pachimbwe, anaingiza mkono shimoni, anatoa kitambaa chenye hirizi na mifupa. Kitambaa kile kiliingia shimoni kwa mkono uleule uliokitoa. Ni sarafu ya kijana wetu, hapana tofauti, isipokuwa barazani watoto walicheka na kule uani hakuna anayecheka. Vikongwe wamekatwa mapanga Usukumani, na wazee wameuawa huko Kilifi, kwa tuhuma za uchawi, na kila mwenye masikio amesikia. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama tangu miaka ya 2007 na kuendelea, kwa maneno ya wapiga ramli. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamhesabu mkosaji hata anayejidai tu kuwa na uwezo wa uchawi, na Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Vibao vya matangazo yao bado vimepigiliwa kwenye nguzo za umeme, kimoja mkabala na kibla cha msikiti tunaousema.

Wala ugonjwa huu si wa vijiji vyetu peke yake. Katika miaka ya 1930 walitoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, vijana walioitwa Mchape. Wakaenea Rhodesia ya Kaskazini na kufika hata Tanganyika. Waliwapanga watu mstari na kuwatazama katika vioo vidogo vya duara, na aliyenaswa na kioo akawa mchawi. Kioo cha kunyolea ndevu! Uingereza nako vikongwe walinyongwa kwa tuhuma kama hizo, na mwaka 1584 mtu mmoja aitwaye Reginald Scot akaandika kitabu kuwatetea. Katika kuwatetea alifanya jambo la busara: alieleza kwa kina jinsi sarafu inavyopotezwa mkononi, jinsi kamba na shanga zinavyoachana, jinsi kisu kinavyoonekana kupenya mwilini bila kuua. Alitaka hakimu, akiona ajabu, akumbuke kuwa ajabu hufanywa na vidole.

Mkoloni alijua tusiyoyajua

Yuko mmoja zaidi wa kutajwa. Mwaka 1856 Serikali ya Ufaransa, ikiwa inaitawala Algeria kwa mabavu, ilimpeleka huko Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe mashuhuri. Kazi yake ilikuwa kuwashinda kwa maajabu wale mamurabiti waliokuwa na sauti mbele ya makabila, ili Waislamu waone kwamba mambo ya Mfaransa ni makubwa kuliko ya mashekhe wao. Kwa maelezo aliyoyachapisha mwenyewe, aliweka jukwaani kisanduku kidogo, akamwita Mwarabu mwenye nguvu akakinyanyua kwa urahisi. Kisha akamwambia, sasa nimekuondolea nguvu, nyanyua tena. Yule bwana akavuta, akahema, kisanduku kisitikisike. Mwisho akapigwa na mshtuko mkononi akapiga kelele na kukimbia. Chini ya sakafu palifichwa sumaku ya umeme, na kisanduku kilikuwa na chuma kwenye kitako chake. Baadaye wakalimani waliamriwa wawaeleze watu kuwa yote yalikuwa ufundi. Aibu ilikuwa imeshaingia.

Tunapoisoma habari hii hatumlaumu yule bwana mwenye nguvu. Tunajiuliza kilichowafanya watu wale wawe mawindo mepesi. Kabla ya Mfaransa kufika walikuwepo watu miongoni mwao wenyewe waliowazoesha kwamba ukubwa wa mtu katika dini hupimwa kwa maajabu anayoyatenda. Aliyekuja na ajabu kubwa zaidi alikuta kiti kimeshawekwa.

Na lawama yetu

Hapa hatuna budi kujisema na sisi wenyewe, watu wa islahi. Kwa miaka mingi tumewapiga vita waganga wa tunguri, na tumefanya vyema. Lakini mawaidha yetu yakawa ni majini asubuhi na majini jioni: aina zao, makazi yao, dalili kumi za aliyeingiliwa. Tuliwajaza watu hofu, na hofu ikitafuta mnunuzi humpata. Wakatokea watu wenye ndevu na kanzu fupi kama zetu, wakafungua vyumba vya kile wanachokiita ruqya, na ndani yake tukayakuta mayai yaleyale na chetezo kilekile, ila tunguri imeondolewa na msahafu umewekwa rafuni. Ruqya ya Sunna ni kumsomea mgonjwa Qur'ani na dua. Haina karatasi inayojiandika, wala haitaji jina la dada wa mtu. Tumewaona watu hawa wakisalimiwa kwa heshima katika mihadhara yetu, na tukanyamaza kwa kuwa wanachangia ujenzi.

Tunaitaka kamati ya msikiti ule, na za misikiti mingine ambako yametokea kama haya, zimrudishe kijana katika darasa lake na zimwombe radhi hadharani kama zilivyomfedhehesha hadharani. Tunawataka maimamu, katika mwezi mmoja tu kati ya kumi na miwili, waliache somo la dalili za majini na waweke mezani limau, manjano, yai na sarafu mbele ya akina mama, kwa kuwa akina mama ndio wanaolipa. Vijana wenye kujua hila hizi wapo katika kila mtaa. Wengine wamejifunza katika simu zao. Badala ya kuwafukuza, waitwe waonyeshe na kueleza. Na yeyote anayedai kuandikiwa na ghaibu, aombwe kwa adabu atumie karatasi aliyoileta mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu karatasi ya Bi mkubwa: tulikwenda kwake Ijumaa moja baada ya Magharibi, sisi wawili pamoja na yule kijana, na mtoto wake wa kiume akiwepo. Kijana aliomba limau, likatoka jikoni kwake. Akaomba njiti ya kiberiti na karatasi ya daftari la mjukuu. Akachovya njiti katika maji ya limau akaandika. Yakakauka, karatasi ikawa nyeupe kabisa. Akamwambia, "Bibi, ishike wewe mwenyewe juu ya jiko." Majimaji ya limau huungua kabla karatasi haijaungua, herufi zikaanza kuja, za rangi ileile ya kahawia. Kijana alikuwa ameandika jina lake Bi mkubwa mwenyewe.

Alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani tumemkosea adabu. Kisha akamwomba kijana kipande kingine cha karatasi, akachovya njiti, akaandika kwa mkono wake, akasubiri, akaipasha. Mara ya tatu hakuipasha. Aliikunja ikiwa nyeupe, akaifunga katika upindo wa khanga, na Jumapili akaenda nayo kwa dada yake pamoja na limau moja. Dada hakufungua mlango. Ametuambia atakwenda tena Jumapili hii.